Baba mkwe alibeba kosa langu kwenye kompyuta ya kituo cha afya

Admin, nifiche jina, huku kwetu watu wananijua. Nina miaka 33, ni fundi kompyuta hapa Korogwe, Msambaa niliyeoa Handeni. Maneno mengi nimejaliwa, ila hili limenishinda kulisema.

Baba mkwe wangu ni karani mstaafu wa kituo kimoja cha afya kule Handeni. Kina kompyuta ya zamani sana, mfumo wake wa jamii ya Unix, maandishi matupu, hata kipanya haina. Kumbukumbu zote za watoto waliozaliwa pale zimo humo, maana madaftari yaliliwa na mchwa. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akataka iunganishwe na kompyuta mpya ili kumbukumbu zihamishwe. Akaniita mimi, akamwita na mzee kwa kuwa ndiye anayeijua.

Kazi ilikuwa kuchagua programu ya mtandao. Mzee alikuwa na yake kwenye diski, ndogo, ya enzi za mashine ile, inatuma faili moja moja. Mimi nilikuwa nimepakua mpya, yenye mbwembwe zote. Mzee akasema mpya inataka kompyuta yenye nguvu, mashine ile itazidiwa. Nikamcheka kimoyomoyo. Mtu anayeandika namba za simu kwenye daftari anifundishe mtandao mimi?

Ilikuwa Ijumaa. Alipokwenda msikitini akaniomba nimsubiri. Kiherehere changu kikanituma, nikaweka ile yangu bila hata kuchukua nakala ya zile kumbukumbu. Mashine ikaganda. Nikaizima kwa nguvu, ilipowaka ikaandika makosa skrini nzima. Jamani, kumbukumbu zikawa hazifunguki.

Mganga alipoingia, mzee naye akawa anarudi. Mganga akauliza kulikoni. Mdomo wangu huu ukasema tulikuwa tunajaribu programu ya mzee. Baba mkwe akainama kutazama skrini. Jina la programu yangu lilikuwa bado linasomeka pale juu, na mzee anasoma vizuri tu. Akanyoosha mkono, akazima skrini.

"Mkwe wangu hana kosa," akamwambia mganga. "Programu ni yangu."

Kwa watu wa kwao Handeni, mkwe hafedheheshwi mbele za watu. Nilijua hivyo, nikaacha abebe yeye.

Fundi aliyeitwa kutoka Tanga ameokoa nusu tu ya kumbukumbu. Akina mama wanakuja kutafuta uthibitisho wa kuzaliwa kwa watoto wao, wanaambiwa mzee aliharibu. Watoto wa pale wanamwita Mzee Kompyuta. Siku hizi haendi hata barazani kwa wenzake. Mke wangu juzi alilia, akasema baba yake uzee umemwaibisha, nami nikambembeleza. Unafiki gani huu?

Nilipojaribu kumwomba mzee radhi, akanikatiza: "Hayo yameisha. Mtunze mwanangu."

Sasa mganga amenipa mkataba wa kutunza mashine zote mpya. Pamoja na mkataba akanikabidhi barua ya kumpiga mzee marufuku kukanyaga chumba kile alichokitumikia miaka ishirini na sita. Kasema nimpelekee mimi kwa kuwa ni mtu wa nyumbani.

Nikisema kweli, kazi imekwenda, na mke wangu sijui atanitazamaje. Nikinyamaza, ndiyo nimemzika mzee akiwa hai. Nitukaneni kwanza, ni haki yenu, kisha mniambie nifanye nini. Kesho asubuhi naenda Handeni, na barua ninayo mimi.