Ndiyo Iliyokwama Kwenye Jino

Kaskazini mwa Uswidi, huko Västerbotten, watu hawapotezi maneno. Ukimuuliza mtu jambo na akakubali, hasemi ndiyo. Anabana midomo, anavuta hewa kidogo, shup! Mambo yamekwisha. Sixten Lundmark alikuwa bingwa wa shup. Alimwoa marehemu mkewe kwa shup moja mbele ya kasisi, na trekta lake akalinunua kwa nyingine.

Sasa majira haya ya baridi jino likamgeuka. Lilikuwa la juu, jirani na chonge, pale pale alipozoea kubana donge la sukari akinywa kahawa kupitia humo, maisha yake yote. Likatoboka. Kila akivuta hewa, ubaridi ulipiga shimoni na mzee akaona nyota mchana kweupe.

Angekwenda kwa daktari wa meno? Thubutu! Sixten alimwogopa daktari wa meno tangu alipokuwa shuleni, na isitoshe yeye ni wa wale wanaojitengenezea kila kitu, paa, injini, bomba la maji. Akayeyusha nta ya mshumaa, akaziba jino mwenyewe mbele ya kioo. Akajiona fundi kweli kweli.

Jirani yake, Gunvor, mjane mwenye kicheko kikubwa, alimkaribisha kahawa kila wakimaliza kuzoa theluji uani. Kahawa ya huko humiminwa juu ya vipande vya jibini, ya moto hasa. Siku moja Gunvor alikuwa anaosha vikombe, mgongo amempa, akasema kama anaulizia hali ya hewa:

"Binti yangu ananivuta nihamie kwake Umeå. Nyumba hii imenishinda. Nikihamia kwako badala yake, Sixten, ungekubali?"

Loo! Moyo ulimruka. Hilo ndilo jambo alilolitamani tangu masika na hakuwa na ubavu wa kulitamka. Akabana midomo, akavuta. Kumbe nta ilishayeyuka kwenye kahawa. Maumivu yakampanda mpaka utosini, akafumba macho, akashika shavu, akageukia ukutani.

Gunvor alipogeuka aliona uso wa mtu aliyeletewa sumu.

"Basi, nilikuwa natania," akasema, na kicheko chake hakikutoka.

Mwanamume mzima, si aseme tu kwamba jino linamuuma? Hapana. Alivaa kofia akaenda zake. Wiki hiyo kibao cha KUUZWA kikasimikwa mbele ya nyumba ya Gunvor, kisha maboksi yakaanza kupangwa barazani. Sixten akiyachungulia dirishani, roho ilimuuma kuliko jino. Asubuhi moja akapiga simu kliniki kabla hajapata muda wa kuogopa.

Daktari alikuwa msichana anayeitwa Disa, mzaliwa wa Skåne, kusini kabisa, ambako watu husema ndiyo kwa mdomo wazi.

"Linauma kwenye baridi?"

Shup. Sixten akaruka kitini.

"Pole, pole! Mbona unahema hivyo? Unaogopa?"

"Nimejibu," akasema Sixten kwa uchungu.

Disa akalipiga picha jino, akaitazama kwenye kioo cha kompyuta, akabinua midomo. "Limeoza sana, ila kiini hakijaguswa. Una bahati. Kuoza kungefika huko ningelazimika kusafisha mzizi mpaka ndani, halafu nilivike kofia ya kauri. Na hilo likishindikana, tunang'oa. Hii ni nta?"

"Ya mshumaa. Baba alizibwa kwa dawa ile ya rangi ya fedha. Ilidumu mpaka anazikwa."

"Ile ina zebaki, hatuiweki tena. Kuna kipande cha kauri, kigumu sana, lakini kinachongwa kwa vipimo na huenda ukarudi siku nyingine. Au hii laini: naipaka tabaka kwa tabaka, naimulika taa ya buluu, inakuwa ngumu hapo hapo. Ina rangi ya jino."

"Nyeupe?"

"Nimesema ya jino lako, mzee. Kwa kahawa hiyo usiote weupe."

Sixten akameza mate. "Ipi itazuia upepo leo? Kuna mtu nataka kumjibu."

Disa akamtazama, asielewe, lakini akachukua sindano ya ganzi. "Hii laini. Siku chache za mwanzo linaweza kuchachatika kwenye baridi, usishtuke. Na donge la sukari meno yako yamelichoka, weka kikombeni au acha kabisa."

Alipotoka, nusu ya uso ilikuwa imekufa. Akaendesha gari moja kwa moja mpaka kwa Gunvor, akamkuta anafunga boksi la sahani kwa utepe wa gundi.

"Umekuja kuniaga?" Gunvor akauliza bila kuinua kichwa.

Sixten akabana midomo. Haikubana! Mdomo wa juu ulining'inia kama nguo kwenye kamba, mate yakamchuruzika mpaka kwenye kola. Hewa ikapita kimya. Akajaribu tena, patupu. Basi hakukuwa na namna, ikabidi aseme.

"Ndiyo," akasema, na neno likatoka limepinda. "Siku ile ilikuwa ndiyo. Jino ndilo lilikataa. Mimi nakutaka, Gunvor. Nakutaka ndani ya nyumba yangu, na masahani yako yote. Sitaki uende Umeå. Nikikaa bila kukusikia ukicheka nitakufa."

Maneno mengi kiasi hicho hajapata kuyasema kwa mpigo. Gunvor akaweka utepe chini. Akamfuta mate kwa kitambaa cha sahani, taratibu, machozi yakimlengalenga.

"Nyumba nimeshaiuza, Sixten."

Akashika mlango.

"Na lori linakuja kesho," akasema Gunvor. "Mpaka sasa sijamwambia dereva anapeleka wapi."