Shokapu Zenye Mikato Mitatu

“Ulimuuliza fundi sababu?”

Bibi yako aliniuliza hivyo kwenye benchi la hospitali, siku baba yako alipoingizwa chumba cha upasuaji. Mimi niliyemchosha hadi katekista kwa maswali nilipokuwa mdogo, niliinamisha kichwa nikatazama vumbi la Sengerema kwenye viatu vyangu.

Mwanangu, umeniandikia kwamba umepata pikipiki iliyotumika, imepinda kidogo tu mbele, na spea utatafuta taratibu. Basi mimi shangazi yako nikwambie jambo ambalo baba yako hajawahi kukwambia, kwa kuwa ananisitiri.

Nakumbuka mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nakaa kwenu Buswelu nikila jasho lake. Alikuwa dereva wa bodaboda. Asubuhi moja ya mvua alitumbukia kwenye shimo lililojaa maji, na shokapu za mbele, yale mabomba mawili yanayoshika tairi, zikapinda. Mpya zilikuwa hazishikiki kwa bei. Wewe ulikuwa bado unanyonya, na pikipiki ikilala ndani nyumba nzima inalala njaa. Nikajitolea kutafuta za bei nafuu. Kusema kweli, nilitaka nami nionekane nina faida.

Nilizunguka Mkuyuni siku mbili. Mwisho nikazipata kwa muuza vyuma chakavu, zimeng’olewa kwenye mzoga wa pikipiki, zimenyooka, zinang’aa. Nilizikagua kama mtu anayejua: nikaziviringisha sakafuni, nikachungulia kama zinayumba. Hazikuyumba. Juu, karibu na usukani unapozishika, kila bomba lilikuwa na mikato mitatu midogo ya tupa. Sikuijali.

Nikazipeleka kwa Mzee Lutonja, fundi wa siku zote wa baba yako.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Lete nione.”

Alizipokea akitabasamu. Kisha kidole gumba chake kikapita pale penye mikato, kikarudi, kikapita tena. Tabasamu likaisha.

“Hizi sizifungi,” alisema. “Pikipiki zilikotoka hizi iliua mtu huko Sengerema. Zirudishe.”

“Kwa hiyo chuma nacho kina mizimu?” nikacheka. “Mzee, watu wanauawa na mwendo kasi, siyo na shokapu.”

Madereva waliokuwa wakingoja pikipiki zao wakaangua kicheko. “Msomi kawaka leo!” mmoja akapaza sauti. Mwingine akadakia, “Mzee, si uzichinjie kuku kwanza!”

Nilingoja anibishie. Hoja nilikuwa nazo tele, nimezipanga kabisa. Mzee akanitazama, mdomo ukafunguka kidogo, ukafumbika. Akazifuta zile shokapu kwa kitambaa, polepole mno, kama mtu anayemnawisha mgonjwa, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akanigeuzia mgongo, akaendelea na kazi nyingine.

Fundi wa pili alizifunga kabla ya saa sita mchana wala hakuuliza kitu. Baba yako alipotaka kujua kwa nini hazikufungwa na mzee, nilimwambia, “Mzee wako anaogopa mizimu.” Tukacheka wote wawili. Kicheko kile bado nakisikia.

Wiki ya tatu alivuka na kivuko kumpeleka abiria upande wa Sengerema. Kwenye mteremko, barabara kavu, mchana kweupe, bomba la kushoto likakatika. Abiria alichubuka tu. Baba yako walimkata mguu juu ya goti, na ndiyo maana wewe umekua ukidhani magongo yale alizaliwa nayo.

Sikwambii uache kuhoji. Mimi hadi leo nahoji, hata mahubiri ya Jumapili. Lakini siku ile sikuhoji chochote, mwanangu. Nilikataa tu, nikaita kukataa kwangu akili. Kuuliza ni kungoja jibu, na mimi jibu nilikuwa nimeshajipa mwenyewe.

Kwa hiyo shika haya. Mtu anayeijua kazi yake akikwambia hapana, usishindane naye mbele ya watu wanaocheka. Mvute pembeni, muulize sababu, kisha nyamaza mpaka apate nguvu ya kusema. Spea iliyotumika, kabla hujaifunga, ujue ilitoka kwa nani na huyo mtu aliishia wapi. Ukikosa wa kukwambia, tembea kwa miguu. Mungu akulindie yote miwili, na akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo.

Ilinichukua miaka tisa kurudi Mkuyuni kumwomba radhi Mzee Lutonja. Nikamkuta mjane wake. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mikato mitatu ilikuwa alama ya Mzee Lutonja. Aliitia kwenye kila bomba alilolinyoosha kwa moto, ili likirudi mikononi mwake likiwa limepinda tena alitupe, kwa sababu halistahimili kunyooshwa mara ya pili. Muuza vyuma alikuwa amezinyoosha zile zetu mara ya pili. Na mara ya kwanza, mzee alizinyoosha shokapu hizo hizo kwa ajili ya pikipiki ya mwanawe wa pekee, kwa kuwa mpya zilikuwa hazishikiki. Mtu aliyekufa Sengerema ndiye huyo.