Spika ya Kushoto

Stambuli hakuwa mtu wa muziki. Naliweka hilo wazi mapema, maana watu wa Mji Mpya hawakosi la kusema. Walipoona teksi yake, ile Pijo kuukuu, inafungwa spika tatu, wengine walisema anatafuta mke, wengine wakasema kaingia kwenye magendo. Wapi! Mwanaheri alikuwa ameondoka, kiti cha mbele cha kushoto kilikuwa kitupu, na Stambuli hakuweza tena kuendesha gari lenye kimya namna ile.

Mwanaheri alikuwa mkewe kwa miaka sita. Kila Jumamosi Stambuli alimpeleka Mkuyuni kwenye shamba la ukoo wao, la ndizi na mananasi, na jioni alimkuta barabarani anamngoja na kikapu chake. Jumamosi moja jioni hakumkuta. Wiki iliyofuata akaja mjomba wa Mwanaheri, Mzee Kibwana, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kuja kwa utani. Akakaa mkekani, akasema bila kuzunguka.

"Binti yetu anasema amechoka kuishi na ukuta. Anaomba talaka yake."

Ukuta! Stambuli hasira zilimpanda. Hakuwahi kumpiga Mwanaheri, hakuwahi kumnyima. Mwaka ule wa themanini na mbili watu walipanga foleni hata ya sabuni, na yeye sabuni ya mkewe hakuikosa. Akatafuta karatasi, akaandika talaka moja, akampa mzee. Ndivyo walivyo wanaume wetu: kuuliza "kwa nini" kunawashinda, kuandika talaka hakuwashindi.

Hasira zilipopoa, akabaki peke yake na chumba. Chakula hakikupita. Akiona khanga ya njano sokoni moyo ulimlipuka, akasogea kutazama, kumbe mke wa mtu. Talaka ilikuwa moja tu, na mke akiwa bado ndani ya eda ya miezi mitatu, mume anaweza kumrejea kwa neno la mdomo, bila mahari wala harusi nyingine. Stambuli alilijua hilo vizuri sana. Lakini alikaa anangoja Mwanaheri ndiye atume salamu kwanza, naye Mwanaheri hakutuma. Kwa hesabu ya Mzee Kibwana, eda ilikuwa inakwisha Alhamisi.

Jumatatu ya wiki hiyo, badala ya kwenda Mkuyuni, akaenda kwa fundi. Mtu mzima!

Fundi mwenyewe alikuwa Athanas, Mluguru wa Mgeta, rika lake, mtengeneza redio barazani kwake, mwenye mikono mizuri na mdomo mchafu.

"Unataka spika za kusikiliza au za kutingisha mji?" Athanas akauliza.

"Nataka za kujaza gari."

Spika mpya hazikuwepo dukani, hata kwa kujuana. Athanas akavuta kreti la spika alizozichomoa kwenye redio mbovu, akaanza kuchagua. Hakusoma maandishi ya nyuma. Aliibonyeza karatasi ya spika taratibu kwa vidole gumba viwili, asikilize kama inakwaruza. Kisha akabandika bisibisi kwenye sumaku. Bisibisi ikianguka, spika inarudi kretini. Mwisho akagusisha nyaya zake kwenye betri ya tochi, kap!

"Hii inasema," akaeleza. "Hii inakohoa. Na hii, maskini, ilishakwenda kwa Mola wake."

Wakapata mbili zinazolingana, wakazifunga kwenye milango ya mbele. Ya besi waliipata kubwa, ilitoka kwenye gramafoni ya baa moja iliyofilisika. Athanas akaipigia sanduku la mninga, akalijaza sufi ndani ili sauti isipige kelele za debe, akaliweka kwenye buti. Stambuli akakaa kwenye usukani, Athanas akatia kaseti. Besi ikamgonga mgongoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mke aondoke.

Halafu akakunja uso. "Ya kushoto imekufa."

"Haijafa, inaimba."

"Bwana, muziki wote unatoka kulia. Mimi si mtoto."

Athanas akasonya, akabadilisha spika, ya kulia akaipeleka kushoto. Vilevile. Akabadilisha nyaya. Vilevile. Jasho likamtoka, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hajawahi kuona gari lenye ukaidi kama lile. Ndipo akafikiri kidogo, akakata kabisa waya wa spika ya kulia, na wa besi pia. Ikabaki inaimba ya kushoto peke yake.

"Sasa je?"

"Vilevile. Inatoka kulia."

Athanas akazima kaseti. Akafungua mlango wa abiria, akakaa kwenye kile kiti cha kushoto, akamwambia Stambuli azibe sikio la kulia kwa kiganja na atazame mbele. Kikapita kitambo.

"Haya, anza basi," Stambuli akasema.

Athanas akamvuta kiganja. "Nimemaliza zamani. Nimekutukana tusi la kukufanya uvue shati, na wewe umekaa unachekelea. Spika zangu nzima, ndugu yangu. Sikio lako ndilo limekufa. Uliwahi kuugua?"

Aliwahi. Miaka mitatu nyuma alipata matubwitubwi, shavu la kushoto likavimba, likapona, akasahau. Barabarani alisikia honi, stendi alisikia akiitwa, angejuaje? Athanas akaanza kucheka, kisha akaona mwenzake hachekelei tena. Stambuli alikuwa anakitazama kiti kile. Kila Jumamosi kwa miaka mitatu, kwenda na kurudi, Mwanaheri alikaa hapo, na injini inaunguruma, na yeye akidhani mkewe hapendi maongezi ya njiani. Moyo ulimuuma vibaya. Hakungoja hata nyaya zirudishwe.

Kesho yake asubuhi alikuwa Mkuyuni. Mzee Kibwana alikuwa kizingitini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mzee akamtazama, akainuka, akasogea pembeni kumpisha.

Mwanaheri alikuwa uani, anachambua choroko kwenye ungo. Alikuwa amenenepa kidogo na uso umetulia. Stambuli akazunguka, akakaa upande utakaomweka Mwanaheri kulia kwake, akamweleza yote: spika, bisibisi, matubwitubwi, mpaka tusi la Athanas. Mwanaheri akacheka kwenye tusi. Kisha vidole vyake vikasimama kwenye choroko.

"Kwa hiyo hukuwa unajitia hamnazo?"

"Wallahi sikusikia. Jumamosi ile ya mwisho ulisema nini?"

"Nilisema, 'Stambuli, mimi nashuka. Ukiniambia neno moja tu, hata "usikawie", jioni utanikuta barabarani.' Nikangoja. Ukaniambia, 'Funga mlango vizuri.'"

Stambuli akajishika kichwa. Aliikumbuka siku hiyo, na mlango wenyewe.

"Basi hukunikosea," akasema, "wala mimi sikukukosea. Ni sikio tu. Na eda bado, Mwanaheri. Leo mbele ya mjomba na—"

"Ngoja. Usilimalize." Mwanaheri alikuwa ameinua mkono. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Stambuli. "Sikio limekufa, nimekubali, pole. Macho je? Spika ya gari imenyamaza siku moja, umekaa na fundi mpaka mkajua ina nini. Mimi nilisema nikachoka, mwaka wa mwisho nikanyamaza kabisa, mpaka Jumamosi ile. Mwaka mzima, Stambuli. Hukugeuka hata kuniuliza nina nini."



"Neno la kunirejea unalo, dini imekupa," Mwanaheri akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Ukilisema nitapanda gari, nitakuja. Lakini miezi hii mitatu nimeongea na watu wakanijibu. Nakuomba usiliseme."

Lilikuwa mdomoni kabisa, neno lile. Alilitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Akageuza uso, akamtazama Mwanaheri usoni, akatazama mpaka mke mwenyewe akainamisha macho.

"Nimekusikia," Stambuli akasema.

Akamuaga mjomba, akarudi mjini. Alhamisi ikaja, ikapita, na neno hakulisema.