Njahi Bila Mtoto Mchanga

Utotoni, nyumbani tulikuwa mama yangu Ciarunji, cucu Wanjira aliyemzaa baba, kaka yangu Njiru, na mimi. Juzi mjukuu wangu aliacha kuwanunulia watoto wake chipsi, akawapikia njahi, yale maharagwe meusi, na harufu ile ikanirudisha kwetu Siakago.

Siku hizo mama alitununulia mandazi ya hoteli kila siku. Alasiri moja nikakuta njahi inachemka, na kwetu njahi hupikiwa mama aliyejifungua. Nilivyokuwa nikitamani dada! Nikafunua kila blanketi.

“Unatafuta nini, wewe?” cucu akauliza.

“Mtoto.”

Akacheka mpaka akakaa chini. “Mtoto ni wewe! Mandazi yamekukausha. Kula!”

Dada sikumpata, lakini nilikula sahani mbili kama niliyejifungua jana. Kama zilikuwa tatu, Njiru, nirekebishe.