Sinia Anaomba Ruhusa ya Kutua

Kazi ya Mama Sinia, ukiitaja bila kuiremba, ilikuwa kuharibu chakula. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa hoteli, mjane mwenye mkono mwepesi jikoni na ulimi mwepesi zaidi, na watu walikuwa wakigombea viti kwa ajili ya sahani zake. Kisha kampuni ya ndege ikamchukua ampikie mwenye kampuni. Siku ya kwanza meneja mkuu alionja mchuzi wake, akafumba macho kwa utamu, alipoyafumbua akasema haufai kabisa.

"Mzee anataka chakula cha ndegeni," akamweleza.

"Hicho kikoje, bosi?"

"Vuguvugu. Kisinukie. Na mkate uwe mgumu kidogo."

Mama Sinia aliona huko ni kumtukana mlaji na mpishi kwa mpigo mmoja, lakini kazi ni kazi. Akajifunza kuipoza supu mpaka ikate tamaa. Akajifunza kuuanika mkate. Akajifunza kugawa kila kitu kwenye vijisanduku vidogo vya bati na kuvifunika kwa foili, ili mtu mzima aliye juu ya ardhi, ndani ya jengo lake mwenyewe, ale kwa taabu kama abiria aliyebanwa katikati ya watu wawili wanene.

Mlaji huyo walimwita Mwewe, ingawa si mbele yake, kwa sababu mbele yake hakuna aliyefika. Ujana wake ulikuwa wa kusimuliwa. Alianza na ndege moja kuukuu iliyobeba vifaranga na magazeti, akiiendesha mwenyewe, akiitengeneza mwenyewe, na wenye kutia chumvi walisema akiisukuma mwenyewe ilipogoma. Vifaranga vikaleta abiria, abiria wakaleta ndege nyingine, na kabla nywele zake hazijaota mvi alikuwa na ndege za kutosha kuifunika njia yote ya kurukia. Ndipo siku moja akapanda lifti hadi ghorofa ya juu ya ofisi yake, akafunga mlango, na hakushuka tena.

Kwa nini? Hapo kila mtu alikuwa mtaalamu. Wengine walisema kavunjwa moyo na mwanamke. Wengine walisema anaogopa vijidudu. Watu wa uhasibu walisema anakwepa vikao tu, na ukiwahi kukaa kwenye kikao kimoja cha kampuni ile utaona kwamba hao ndio waliokuwa na hoja. Kilichojulikana kwa hakika ni kidogo: kwamba madirisha yake kayaziba kwa ramani, kwamba kiti cha ile ndege ya vifaranga kimefungwa kwa bolti katikati ya chumba, na kwamba hapo ndipo anapokula na kulala, mkanda ukiwa umefungwa kiunoni. Kampuni nzima aliiendesha kwa kipaza sauti kilichochomekwa ukutani, na ikaenda vizuri, jambo lililowaudhi sana wakurugenzi.

Kufika mlangoni kwake kulikuwa na taratibu. Korido ya ghorofa ile ilizunguka ngazi na lifti, ukianzia hapa unarudi hapa. Mama Sinia alisimama penye kona na sinia lake, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti na kusema bila kucheka, kama rubani anayezungumza na mnara wa kuongozea ndege, "Sinia kwa Mnara, naomba ruhusa ya kutua." Sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, ikajibu, "Mnara kwa Sinia, tua." Hapo aliweka chakula kwenye meza ya mlangoni, akarudi nyuma ya kona, na baada ya muda akasikia kitasa. Ikiwa mzee alikuwa na shughuli alisema, "Zunguka," na Mama Sinia akazunguka korido na sinia mkononi mpaka aitwe. Na ikiwa Mnara ulikaa kimya, sheria ilisema vilevile: zunguka. Ndege haitui kwenye ukimya.

Wifi yake, aliyekaa naye nyumba moja tangu mume afe, alivunjika mbavu kila aliposimuliwa.

"Yaani mtu mzima unazunguka na uji?"

"Nazunguka."

"Na sura yake hujawahi kuiona?"

"Sijawahi. Na yeye yangu hajawahi. Tuko sawa."

Alichokuwa hamwambii wifi yake ni kwamba akishakula, mzee alikuwa akibonyeza kitufe tena. "Mnara kwa Sinia, hali ya hewa huko chini?" Mwanzoni Mama Sinia alimjibu mvua au jua. Baadaye akawa anamwambia habari za goti lake, bei ya vitunguu, jirani aliyejenga ukuta ukala njia, na hasa vituko vya wifi. Mzee alivifuatilia kwa makini kuliko alivyofuatilia mafuta ya ndege. "Wifi ile sufuria yako amerudisha?" aliuliza siku moja, katikati ya mgomo wa marubani. Mama Sinia akamwambia imerudi bila mfuniko. "Nilijua," Mnara ukasema, kwa masikitiko ya kweli. Miaka ikaenda hivyo. Ungemuuliza Mama Sinia rafiki yake ni nani, angekutajia mtu mwingine kwa aibu, lakini ni huyo.

Sasa, kuhusu kuufungua mlango ule. Aliwahi kuufungua fundi mmoja wa viyoyozi, kijana mwenye bidii, aliyedhani kazi yake ni kutengeneza kiyoyozi. Kabla ya jua kuzama unga wake ulikuwa umemwagika, na wa msimamizi wake, na wa mtu wa lifti aliyempandisha. Tangu hapo jengo zima liliuogopa mlango ule kama umeme, na katika mafunzo ya wafanyakazi wapya ulitajwa kabla ya vyoo.

Asubuhi moja Mama Sinia alibonyeza kitufe, akaomba kutua, na Mnara haukujibu.

Akazunguka. Akaomba tena, kimya, akazunguka tena. Uji ukapoa kupita hata kiwango cha ndegeni. Akaurudisha jikoni, akaupasha, akapanda, akaomba, akazunguka. Aliendelea hivyo sehemu kubwa ya asubuhi, na hilo halijamtoka moyoni mpaka leo, kwa sababu machale yalishamcheza mapema na miguu ikaendelea kutii sheria. Mwishowe alimpigia simu meneja mkuu.

Meneja akaja, akasikiliza ukimya, akalegeza tai. Akamwita mdogo wake Mwewe, mkurugenzi, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Mdogo ingawa alikuwa na wajukuu. Bwana Mdogo akamwita daktari wa kampuni, aliyekuwa akimtibu mzee kwa kumuuliza maswali kwenye kipaza sauti na kuyaamini majibu. Wote watatu wakasimama mbele ya mlango, wakautazama. Kisha, kwa kuwa walikuwa viongozi, wakaagiza viti na kuanza kikao.

"Tusikurupuke," alisema meneja. "Huenda amelala."

"Huyu hulala akikoroma," alisema Mama Sinia. "Sisikii kitu. Fungueni, wazee wangu."

"Mimi siwezi," alisema Bwana Mdogo. "Mimi ni damu yake. Nikifungua nikamkuta hajambo, atasema nimekuja kuangalia kama kafa. Nikimkuta kafa, mtasema nyinyi."

Daktari alisema yeye kitaaluma humhudumia aliyemwita, na hajaitwa. Meneja alisema yuko tayari kabisa kufungua, mradi apate idhini ya mwenye kampuni. Walikitazama kipaza sauti kwa pamoja kama watu wanaosubiri kijibu. Bwana Mdogo akapendekeza waletewe chai, na hoja hiyo ndiyo pekee iliyopita bila kupingwa.

Ndipo Mama Sinia akasikia kitu. Kilikuwa kidogo: tok, kikanyamaza, tok. Akabandika sikio mlangoni.

"Anagonga! Yuko hai, anagonga!"

Daktari naye akasikiliza, kwa mbali. "Mabomba hayo," akasema. "Majengo ya zamani haya."

Hasira ilimpanda Mama Sinia mpaka masikio yakaziba. Mtu wake alikuwa upande wa pili wa ubao akiomba msaada kwa kugonga, na upande huu wanaume watatu wenye afya njema walikuwa wanasubiri sukari. Akaangaza macho, akaona mtungi wa kuzimia moto ukutani. Haukufikika. Akamwinua Bwana Mdogo kwenye kiti, kwa adabu, "Samahani, shemeji yangu," akapanda juu ya kiti hicho, akauteremsha mtungi na kuushindilia kwenye kitasa. Meneja alipiga kelele kwamba kuna taratibu. Akaushindilia tena. Kitasa kikang'oka na kipande cha ubao, mlango ukafunguka.

Kiti cha ndege kilikuwa pale kama walivyosimulia. Mwewe alikuwa chini, nusu yake ikiwa imeninginia kwenye mkanda aliojaribu kuufungua kwa mkono uliokuwa umekataa kazi. Soksi hazikufanana. Nywele zake nyeupe zilikuwa laini kama za mtoto. Mama Sinia akaufungua mkanda, akakaa sakafuni, akakilaza kichwa chake mapajani.

"Daktari!" akaita. "Njoo!"

Daktari alikuwa amesimama kwenye kizingiti, na wenzake nyuma yake. Hakuna hata mmoja aliyevuka.

"Ameruhusu?" aliuliza meneja, kwa kunong'ona.

Mzee aligeuza macho, taratibu, akamtazama aliyemshika. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja.

"Sinia?"

"Ndiyo mimi, Mnara. Nimetua. Tulia, baba."

Mzee akamwangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, kisha akarudi tena juu, kama mtu anayekagua ndege mpya na kukuta si ile aliyoagiza. Upande mzima wa mdomo ukatabasamu. Akasema neno kwa sauti ndogo ambayo haikufika kizingitini, akaubana mkono wake, na hakuuachia. Daktari alipojikaza na kuingia, baada ya Mama Sinia kumwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wake hayasemi, alikuta amekata roho. Alipima hiki na kile, akainama, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema ukweli: kwamba wangefungua asubuhi, huenda angepona.

Bwana Mdogo alilia, tena kwa kweli. Kisha akapangusa pua na kuuliza jambo lililokuwa linamsumbua meneja.

"Mama, tumeona midomo yake ikicheza. Alisemaje?"

"Alisema, 'Nilidhani wewe ni mrefu.'"

Wakatazamana.

"Nani mrefu?" aliuliza meneja.

"Mimi. Kwa sauti yangu alinidhania mrefu."

"Hakusema lolote kuhusu kampuni?"

"Hakusema."

"Hebu kumbuka vizuri, mama. Kuhusu ndege? Kuhusu kwenda juu?"

"Bosi, alikuwa anazungumza na mimi."

Mazishi yalikuwa makubwa, kama yanavyokuwa mazishi ya mtu ambaye hakuna aliyemjua. Wakurugenzi ambao hawakuwahi kuona hata ukucha wake walisimulia jinsi alivyokuwa akiwatazama machoni. Daktari alizungumzia nidhamu ya marehemu katika matibabu. Ilisemwa kwamba alikuwa mtu wa kimya, aliyewaza mawingu tu, asiyejali mambo madogo ya binadamu, na Mama Sinia, aliyepewa nafasi nyuma ya nguzo, akaikumbuka sufuria bila mfuniko na kulazimika kuziba mdomo kwa kanga yake. Picha iliyotundikwa ilikuwa ya rubani kijana mwenye kidevu cha kupendeza. Angeweza kuwa mtu yeyote.

Halafu wakazindua jiwe. Jiwe jeusi, la gharama, mbele ya jengo la abiria, na juu yake kwa herufi za dhahabu maneno ya mwisho ya mwasisi, kama yalivyosikiwa na waliokuwa naye dakika ile ya mwisho: RUKENI JUU ZAIDI, WANANGU. Watu wakapiga makofi. Meneja mkuu, ambaye kwa sasa ndiye mwenyekiti, alivua miwani na kufuta machozi. Abiria hupigia picha pale hadi leo, na watoto wa shule huletwa wayakariri.

Mama Sinia hakubishana. Kazi ilikuwa imekwisha, kwani hakukuwa na wa kupelekewa chakula kibaya, na nani angemsikiliza? Alikabidhi funguo za jiko na kurudi nyumbani. Wifi yake alikuwa kibarazani akichambua mchele, na alishakaa na swali lake kwa wiki nzima kwa heshima ya msiba, muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na swali lolote.

"Haya, wifi, niambie sasa. Lile tajiri lenu, hatimaye uliliona. Lilikuwaje?"

Mama Sinia alivua viatu. Alikaa kando yake, akaingiza mkono kwenye ungo, akaanza kuchambua naye.

"Alikuwa mfupi," akasema. "Mfupi kama mimi. Na mimi miaka yote nilikuwa namdhania mrefu, na sikuwahi kupata nafasi ya kumwambia."

Kisha akalia, na wifi yake, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa ajili ya mtu yeyote, akaweka ungo chini na kunyamaza.