Ng'ombe wa Mzee Luhaga

Watu wakinisifia kwamba nilikuwa wa kwanza darasani pale Sapiwi, huwa nakasirika. Wa kwanza alikuwa Nyanjige, binti wa mzee Luhaga. Tulikaa dawati moja hadi darasa la nne, na hesabu zangu nyingi nilichungulia kwake. Yeye hata kuandika hakuhitaji. Aliangalia juu kidogo, midomo inacheza, halafu jibu hilo.

Mwaka 1987 akaja mwalimu Athanasi, kijana mgeni kutoka mbali, Kisukuma hajui hata salamu. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alipenda kutufundisha kwa vitu vya nyumbani, na siku hiyo akamsimamisha Nyanjige.

"Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Sasa, mzee Luhaga alikuwa mtu wa mila. Kwake idadi ya ng'ombe haitajwi mbele za watu. Ukiitaja umewaitia kifo. Jioni zizini waliwatambua kwa rangi tu, na aliyekosekana alijulikana mara moja. Nyanjige akakunja mikono, macho chini, namna mtoto mwenye adabu anavyosimama mbele ya mkubwa.

"Kuna mweusi mwenye baka jeupe," akaanza taratibu. "Kuna mwekundu aliyevunjika pembe..."

"Sikukuuliza rangi. Nimeuliza wangapi. Na ukiongea na mimi, nitazame."

Macho hakuinua. Akachapwa fimbo mbili za mkononi, na idadi hakuitaja. Ndipo mwalimu akanigeukia mimi, kiranja.

"Wilhelmina, huyu ana nini? Hajui kuhesabu?"

Nilijua. Sisi tulikuwa Wakatoliki, ng'ombe wetu wawili tuliwahesabu bila hofu, lakini mwiko wa kwa Luhaga kila mtoto wa Sapiwi aliujua. Ilitosha niseme, "Mwalimu, kwao ni mwiko." Maneno manne. Lakini niliiogopa fimbo, na, Mungu anisamehe, niliitaka ile nafasi ya kwanza.

"Hajui, mwalimu," nikasema.

Darasa likacheka. Kuanzia siku hiyo mwalimu akamwita Sifuri. Kila asubuhi akisoma majina: "Sifuri yupo?" Nasi tunacheka, mimi nikiwa mstari wa mbele. Nyanjige akaacha kunyoosha mkono. Mitihani akawa anarudisha karatasi tupu. Nikimwomba jibu ananitazama tu, wala hanilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Darasa la tano alikuja wiki mbili, kisha akabaki machungani, na mzee Luhaga hakuona hasara yoyote. Alipofika miaka kumi na sita akaolewa kijiji cha pili. Mimi nikaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu.

Nilirudi Sapiwi kufundisha miaka ya tisini ikiishia, wakati ule pamba inanunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani. Januari moja nikapangiwa kuandikisha darasa la kwanza. Nimeinamia daftari, nikasikia mtu amepiga goti mbele ya meza.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisabahi kwa Kisukuma.

Alikuwa Nyanjige. Amekonda, mgongoni ana mtoto mchanga, na mkononi amemshika binti wa miaka saba hivi. Nikaitikia. Nikauliza jina la mtoto, akasema Kija. Miaka yote nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, na yote yakanipotea.

Mezani palikuwa na chaki nilizozitawanya. Kija alizikazia macho, kisha akaangalia juu kidogo, midomo ikaanza kucheza. Nilitamani kulia. Nikamuuliza kwa upole niwezavyo, "Kija, chaki hizi ziko ngapi?"

Mtoto akafungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, mama yake akamziba kwa kiganja.

"Hajui, mwalimu," akasema, macho chini.

"Nyanjige," nikamwambia, "ni mimi, Wilhelmina. Tulikaa dawati moja."

Hapo akainua uso, akanitazama sawasawa.

"Nakujua," akasema. "Ndiyo maana nimemziba."