Kengele Zilizokwama Kwenye Diski

Impi Tarkiainen alikubali kuvaa bangili ya dharura kwa sharti moja: akishaivaa, mtu asimtajie tena makao ya wazee. Alikuwa na umri wa miaka themanini na sita na aliishi peke yake katika nyumba ya mbao kando ya ziwa, huko Kainuu, kaskazini-mashariki mwa Ufini, ambako jirani wa karibu alikuwa upande wa pili wa msitu. Kuni alipasua mwenyewe. Sauna, kibanda cha kuogea mvuke, aliwasha mwenyewe kila Jumamosi. Mwanawe wa pekee, Ilpo, ndiye aliyemfunga bangili hiyo, wakiwa wameketi mezani mbele ya mkate wa shayiri na siagi.

"Ukianguka, bonyeza hapa. Mara moja tu inatosha."

"Na huko mjini nani atasikia?"

"Mashine yangu itasikia, mama. Halafu Marjukka atakupigia. Usipojibu, gari linakuja."

"Mashine yako," alisema Impi, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kutaja injini ya mashua ya marehemu mumewe, ambayo haikuwahi kuwaka kwa kuvutwa mara moja.

Ilpo alikuwa na miaka hamsini na minne. Hakuwa na mke wala mtoto, na mtu akimuuliza swali alijibu kwa kadiri ya swali lenyewe, bila kuongeza neno. Aliajiriwa na Turvasilta, kampuni iliyopokea kengele za wazee wa manispaa kadhaa, na kazi yake ilikuwa kuziangalia kompyuta zisichoke. Zote ziliendeshwa na mfumo wa Linux na zote zilikuwa na majina ya samaki. Seva kubwa iliyobeba kengele iliitwa Hauki. Kwenye meza yake kulikuwa na dirisha jeusi lenye safu za namba zilizobadilika kila sekunde, naye alizisoma jinsi wengine wanavyosoma sura ya mtu wanayekaa naye nyumba moja.

"Ilpo, bwana," Marjukka, mpokea simu mwenye kicheko kikubwa, alizoea kumwambia akipita na kikombe cha kahawa, "ukiendelea kuikodolea macho hivyo itakudai posa."

"Imeshanikataa," alijibu Ilpo.

Mwezi wa Mei mojawapo ya namba hizo ilianza kupanda. Ilikuwa ile ya mzigo, inayoonyesha ni kazi ngapi ziko mbioni au ziko foleni. Mtu asiyeijua Linux akiona mzigo mkubwa hudhani prosesa, ubongo wa kompyuta, imeelemewa. Lakini prosesa za Hauki zilikuwa karibu hazifanyi kitu. Linux huhesabu pia kazi zilizosimama zikisubiri diski, na huko ndiko Ilpo alikoangalia. Ilikuwa sawa na jiko ambalo moto unawaka na mpishi amekunja mikono, kwa sababu mtunza stoo hajaleta unga. Hauki ilikuwa na diski mbili zilizoandika mambo yaleyale, na mojawapo ilikuwa inakufa pole pole. Ingekufa moja kwa moja mfumo ungeiondoa kazini, na ile nzima ingeendelea. Hii haikufa. Ilisoma, ikakosea, ikasoma tena, na tena, hadi ikapata, na kila kengele iliyoingia ililazimika kuisubiri.

Mkuu wao, Saija Mustola, alikuwa ameagiza skrini kubwa ukutani ili wajumbe wa manispaa wakija waone hali ya mitambo kwa macho yao. Skrini ilionyesha kitu kimoja, matumizi ya prosesa, na rangi yake ilikuwa ya kijani tangu siku ilipotundikwa.

Kwenye kikao cha Juni, zamu ya Ilpo ilipofika, alisema:

"Diski moja ya Hauki inakufa. Kengele zinaingia, lakini zinachelewa. Inahitajika diski mpya."

Saija aligeuka kutazama ukutani. "Prosesa ni asilimia kumi na mbili, sivyo?"

"Ndiyo."

"Haya. Kuna mwenye la kuongeza?"

Hakuna aliyeongeza. Walikaa kimya kwa muda ambao kwingine ungeonekana mrefu, kisha wakaenda kunywa kahawa. Ilpo aliondoka akijua jambo limekubaliwa. Alikuwa amesema, hakuna aliyepinga, na kwa watu aliolelewa nao huo ulikuwa uamuzi. Kurudia kungekuwa kumwambia Saija kwamba hasikilizi. Saija naye aliondoka akijua jambo si kubwa. Ilpo alikuwa amesema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akanyamaza. Na mtu mwenye wasiwasi, hata huko Kainuu, husema mara mbili.

Julai ikaingia, na nchi nzima ikafungwa kwa likizo. Saija alikwenda kwenye kibanda chake cha ziwani, akazima simu kama kila mtu. Ilpo alichukua zamu ya likizo, kwa kuwa hakuwa na wa kwenda naye popote. Kila siku alichungulia mapokezi kuuliza kama kuna kifurushi. Hakikuwepo. Alijiambia kwamba Julai hata wauza diski wako ziwani.

Kulikuwa na njia nyingine, naye aliijua. Kwa amri moja fupi angeweza kuitoa ile diski mbovu kazini, Hauki ikabaki na moja nzima. Lakini kanuni ya kampuni ilikataza kuiacha seva ya kengele kwenye diski moja bila ruhusa ya mkuu, na Ilpo alikuwa mtu wa kanuni. Diski mpya ilikuwa njiani. Angesubiri.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, Hauki ilianza ukaguzi wake wa kawaida: inasoma diski zote mbili toka mwanzo hadi mwisho na kulinganisha. Ilpo alipoingia asubuhi na kuvua viatu, namba ya mzigo ilikuwa imepanda kiasi ambacho hakuwahi kukiona. Ukutani kijani kilikuwa kilekile. Marjukka alikuwa ameegemea kiti.

"Leo raha tupu," alisema. "Tangu nifike hakuna aliyelia. Wazee wote wameamka na afya."

Ilpo hakuketi. "Hakuna hata mmoja?"

"Hata yule mzee wa kule Paltamo anayebonyeza akitaka kuzungumza. Nimemkosa, masikini."

Alisimamisha ukaguzi. Foleni haikusogea, diski ilikuwa imeng'ang'ania sehemu moja, inasoma na kukosea. Alimpigia Saija, akasikia sauti ya mashine ikimtakia majira mema ya joto. Akapiga tena. Kisha akaandika ile amri fupi, akaisoma toka mwanzo, akabonyeza.

Mzigo ulishuka papo hapo, kama maji yaliyozibuliwa. Kwenye skrini ya Marjukka kengele zikaanza kuingia kwa pamoja.

"Ee Mungu wangu," alisema Marjukka, akivaa vipokea sauti. "Ilpo, zinakuja zote! Ndiyo nini hii?"

Kila kengele ilikuja na jina na saa iliyobonyezwa. Mzee wa Paltamo alikuwa wa kwanza. Wa nne alikuwa Tarkiainen, Impi, na kati ya saa aliyobonyeza na saa iliyokuwa ukutani palikuwa na zaidi ya saa mbili.

"Anza na huyo," alisema Ilpo.

"Wa kwanza ni..."

"Najua wa kwanza ni nani, Marjukka. Nakuomba."

Marjukka alisoma jina, akamtazama, akapiga. Simu iliita hadi ikakatika. Akaita gari.

Watu wa gari walimkuta Impi kwenye vigae vya sauna, nyonga imevunjika. Alikuwa amekwenda kusafisha majivu. Vigae vya sauna isiyowashwa ni baridi hata Julai.

Saija aliwasha simu na kurudi siku iliyofuata, amechomwa na jua, na akamfuata Ilpo mezani kwake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kwenye kikao."

"Ulisema mara moja, Ilpo! Ulisema kama mtu anayesema karatasi za printa zimekwisha. Ningejuaje?"

"Nilisema inakufa."

"Ungepiga meza. Ungenifuata ofisini. Mama yako mwenyewe yuko kwenye hiyo mashine!"

Ilpo hakuwahi kupiga meza maishani mwake. Diski iliagizwa siku hiyohiyo. Ilifika baada ya siku mbili, Julai au si Julai. Wauza diski hawakuwa ziwani.

Wodini, hospitalini, Impi alionekana mdogo kuliko kitanda. Ilpo alimweleza yote: diski, foleni, kikao, ile amri ambayo angeweza kuiandika siku yoyote. Alimweleza kwa ukamilifu, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuomba radhi. Mama yake alisikiliza hadi mwisho.

"Nilibonyeza mara moja," alisema. "Ulisema inatosha. Nikawa najiambia, nikibonyeza tena watadhani nina haraka."

"Hata ungebonyeza mara mia ingekuwa vilevile, mama."

"Mm," alisema Impi.

Ilpo alikusudia kumfariji. Aliona usoni mwake kwamba hakumfariji.

Mwishoni mwa wiki alikuja afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mpole, akavuta kiti. Alisema madaktari hawaoni namna ya Impi kuishi tena peke yake: ngazi zile, kuni, kisima. Kumepatikana chumba kwenye makao ya wazee mjini. "Impi, una pingamizi lolote?"

Impi alikuwa ameelekeza uso dirishani. Hakusema kitu. Yule afisa alisubiri kwa adabu, kama watu wa huko wanavyosubiri, akampa muda wote anaostahili kupewa mtu mwenye la kusema. Kimya kilikuwa kilekile. Kisha yule afisa akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri. Basi tumekubaliana."

Ilpo alifungua mdomo. Alijua kwamba mama yake hajakubali. Alijua hivyo kuliko alivyowahi kujua namba yoyote. Lakini akisema hivyo ataulizwa mama aende wapi, na alipojaribu kuitafuta sehemu hiyo hakuiona. Nyumba ya ziwani ilikuwa na ngazi. Chumba chake mjini kilikuwa ghorofa ya tatu bila lifti. Na neno lake kwamba kuna mashine inayosikia, hilo hakuwa nalo tena.

Aliuliza kama chumba kina dirisha linalotazama ziwa.

"Hapana," alisema yule afisa. "Linatazama maegesho ya magari."